Robo ya Tangi kwa Wiki

Safari ya basi kutoka Nairobi hadi Garissa ni kilomita 370 hivi, kupitia Thika na Mwingi, na samaki wadogo wa mapambo huweza kuivumilia wakiwa ndani ya mfuko wenye maji kidogo na hewa ya kutosha. Balaa huwapata wakishafika. Siku ya tatu au ya nne ndani ya tangi jipya la kioo, lenye maji maangavu ambayo mtu angeyanywa, samaki huanza kupanda juu kutafuta hewa. Mapezi hujikunja, matamvua huwa mekundu. Mwenye tangi akiona hivyo humwaga maji yote, husugua kioo, huosha changarawe kwa maji ya bomba na kujaza upya. Asubuhi huwakuta wameelea, naye huhitimisha kwamba joto la Garissa halifai samaki.

Joto lina sehemu yake katika vifo hivyo, na nitaieleza. Hata hivyo samaki wengi wa tangi jipya huuawa na mambo mawili: waliingizwa kabla tangi halijawa tayari kuwapokea, kisha maji yao yakabadilishwa yote kwa pupa. Nawaandikia watu wa Garissa, Wajir, Mandera na Dadaab, ambako maji huhesabiwa mtungi kwa mtungi, kwa sababu wao ndio wenye haki kubwa zaidi ya kujua kwamba tangi la samaki halihitaji kumwagiwa maji mengi. Linahitaji maji kidogo kwa wakati wake, na bakteria wa kutosha.

Chakula cha samaki kina protini nyingi, na mabaki ya protini hiyo samaki huyatoa yakiwa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua. Wafugaji hukadiria kwamba kila gramu 100 za chakula huzaa gramu 3 hivi za amonia. Mtoni amonia hiyo huchukuliwa na mkondo. Ndani ya lita 60 haina pa kwenda. Hubaki palepale ikiunguza matamvua yaliyoitoa.

Wa kuiondoa ni bakteria. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu: huingia katika damu ya samaki na kuizuia isibebe oksijeni, damu ikageuka rangi ya kahawia, samaki akahema ilhali maji yana hewa tele. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa. Bakteria hawa ni wachache sana katika maji yenyewe. Makao yao ni sponji ya chujio, changarawe, majani ya mimea na kioo, hasa pale maji yenye oksijeni yanapopita bila kukoma. Tena huzaana polepole mno. Bakteria wa tumboni akipata chakula na joto hugawanyika kila dakika 20. Hawa huhitaji kama siku nzima, na pengine zaidi, ili idadi yao iongezeke maradufu. Kwa sababu hiyo tangi jipya huchukua wiki 4 hadi 6 kukomaa. Aliyesugua kila kitu kwa maji yenye klorini amewaua bakteria wachache waliokuwa wameanza kushika, akarudi siku ya kwanza huku samaki wamo ndani.

Wanasayansi wenyewe walichukua miaka kulifahamu jambo hili. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, aliieleza jumuiya ya wanakemia jinsi alivyoweka samaki wawili wadogo wa dhahabu, mimea ya majini na konokono katika chombo kimoja, wakaishi pamoja bila kubadilishiwa maji. Yeye aliuona uwiano kati ya mnyama na mmea, lakini kuhusu bakteria hakujua lolote. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walipitisha maji taka polepole kwenye mchanga. Kwa siku 20 hivi hakuna kilichobadilika, kisha amonia ikaanza kutoka upande wa pili ikiwa nitrati. Walipotia klorofomu kazi ikasimama, nao wakajua kwamba ndani ya mchanga ule mlikuwa na viumbe hai. Aliyeliendeleza jambo hilo Uingereza alikuwa mtoto wa yule Warington wa samaki wa dhahabu, mwenye jina lilelile la Robert, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted. Ndiye aliyeonyesha kwamba kazi ile hufanyika kwa hatua mbili. Karibu na mwaka 1890 Mrusi Sergei Winogradsky akafaulu kuwatenga bakteria wenyewe. Na elimu hii bado inakua: mwaka 2015 watafiti walitangaza kuwapata bakteria wa jenasi ya Nitrospira wanaoweza kufanya hatua zote mbili peke yao, na baadhi yao walitoka katika chujio la mfumo wa kufugia samaki.

Zile siku 20 za Schloesing na Müntz ndizo zinazowashinda watu wetu. Mtu amenunua kioo, pampu na changarawe, watoto wamezunguka meza wakingoja, halafu aambiwe tangi likae wiki nne bila samaki? Naelewa ugumu wake. Lakini hakuna njia ya kuzikwepa siku hizo bila kuzilipia kwa samaki.

Pwani yetu ilikuwa na hekima yake juu ya samaki wa nyumbani, na haiko mbali: Ijara, kusini mwa Kaunti ya Garissa, inapakana na Lamu. Katika nyumba za mawe za Lamu, chumba cha kuogea kilikuwa na birika la maji lililojengwa kwa chokaa, na ndani yake waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika lilifukiwa bakuli la kauri, ili maji yakipungua sana samaki wabaki na pa kukaa. Litazame birika hilo kwa jicho la kemia. Watu walichota kwa kata kila siku na birika likajazwa tena, kwa hiyo sehemu ya maji ilitoka na sehemu mpya ikaingia, wala si yote kwa mpigo. Samaki walikuwa wachache na chakula chao kikubwa kilikuwa mbu. Kuta za chokaa zilikuwa makao ya bakteria na zilizuia maji yasichachuke. Mafundi wale hawakuwa na neno nitriti, lakini kanuni kuu zinazofundishwa leo kuhusu tangi la samaki zimo katika birika lile.

Ndugu zetu wa upande wa pili wa mpaka nao wana kisa chao. Katika miaka ya 1980 watafiti wa malaria kaskazini mwa Somalia walijaribu kutia perege wa aina ya Oreochromis spilurus katika mabarkadi, yale mahodhi ya kuhifadhia maji ya mvua, na viluwiluwi vya mbu vikapungua. Perege huyo ni wa ukanda huu. Asili yake ni pamoja na mito ya Tana na Athi. Kwa mji kama Mandera, uliopigwa na homa ya dengi mwaka 2011, ugonjwa unaoenezwa na mbu anayezaliana katika vyombo vya maji ya nyumbani, samaki ndani ya hodhi lisilofunikika ni jambo la afya kabla halijawa la mapambo.

Sasa tuyaangalie maji tuliyonayo, kwa sababu vitabu vingi vya samaki wa tangi vimeandikwa kwa ajili ya bomba la Ulaya au Marekani. Maji ya bomba ya Garissa hutoka Mto Tana, ambao huanzia Aberdare na Mlima Kenya na kupita mabwawa ya Seven Forks kabla ya kufika kwetu ukiwa na rangi ya udongo. Tope huangushwa kwa shabu, kisha maji hutiwa klorini. Klorini imewekwa iue vijidudu na haibagui: itawaua wa kipindupindu, na itawaua pia wale wanaokulindia samaki. Dawa yake ni kuyaacha maji katika beseni pana, wazi, kwa siku nzima, au kuyapulizia hewa kwa pampu usiku kucha. Ikiwa mtambo umetumia kloramini badala ya klorini ya kawaida, kukaa wazi hakutoshi. Hapo huhitajika matone ya thayosalfeti ya sodiamu yanayouzwa na wauza samaki. Nawe mwenye kutia dawa ya maji ndani ya mtungi wa kunywa, usichote maji ya samaki kwenye mtungi huo.

Maji ya kisima kirefu ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya mashariki ya Garissa na kambi za Dadaab hutegemea hifadhi ya chini ya ardhi ya Merti, yenye maji matamu katikati na maji ya chumvi pembeni. Maji ya namna hii mara nyingi huwa na pH, yaani kipimo cha uchachu na ubesi, inayozidi 8. Hapa ndipo joto linapoingia katika kesi. Amonia majini hukaa katika sura mbili, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine kali, na kinachoamua mgawanyo wake ni pH na joto. Maji yenye pH ya 7 yakiwa na nyuzi 30 za Selsiasi huwa na amonia kali chini ya sehemu moja katika kila 100 za amonia yote. Yakiwa na pH ya 8 kwa joto hilohilo, sehemu hiyo hupanda hadi 7 au 8. pH ikifika 8.5, ni sehemu 20. Kiasi kilekile cha kinyesi na chakula kilichooza, ambacho samaki wa nyumba ya baridi kule Limuru angekivumilia, humuua samaki wa Habaswein. Juu ya hayo, maji ya nyuzi 20 hushika miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hushika saba na nusu, na bakteria nao wanaihitaji oksijeni hiyohiyo: kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia wanayoigeuza hula zaidi ya gramu 4 za oksijeni. Kwetu, pampu ya hewa haikwepeki.

Hayo yasimkatishe tamaa mtu wa kisima. Joto la nyuzi 28 hadi 30 huharakisha bakteria, na ubesi wa maji ya kisima huwapa akiba wanayoitumia katika kazi yao, kwa hiyo tangi la Dadaab linaweza kukomaa mapema kuliko la Nairobi. Chumvi yake nayo ina faida. Kloridi hushindana na nitriti kwenye matamvua na kuizuia isiingie katika damu. Wafugaji wa maji matamu hulazimika kutia gramu moja hivi ya chumvi kwa lita wakati nitriti imepanda. Wa kisima cha chumvi tayari anayo.

Wajir inahitaji neno lake. Mji ule uliishi kwa visima vifupi, maji yakiwa karibu mno na uso wa ardhi, na kwa sababu hiyohiyo vyoo vya shimo havikufaa, watu wakatumia vyoo vya ndoo. Uchunguzi wa maji ya visima hivyo umekuta vijidudu vya kinyesi pamoja na nitrati nyingi. Nitrati hiyo imetoka wapi? Ni kazi ya bakteria walewale: uchafu wa binadamu na mifugo ulitoa amonia, udongo ukaigeuza kuwa nitriti kisha nitrati, mvua ikaiteremsha kisimani. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 za nitrati kwa lita ya maji ya kunywa, kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kukorogwa. Damu yao huzuiwa kubeba oksijeni kama ile ya samaki niliyoieleza. Kwa hiyo mfugaji wa Wajir apime maji ya kisima kabla ya kuyapima ya tangi. Kama yanaingia yakiwa na nitrati nyingi, kubadilisha maji hakutaipunguza, na afadhali avune ya mvua kutoka mabatini. Na kama kipimo cha samaki kitamfanya aanze kuulizia maji anayonyweshwa mwanawe, kitakuwa kimefanya kazi kubwa kuliko ile aliyokinunulia.

Kukomaza tangi hakuhitaji samaki. Osha mchanga au changarawe vizuri. Mchanga wa laga unafaa, lakini udondoshee siki kwanza, na ukitoa povu ujue una chokaa itakayozidi kupandisha pH. Jaza maji yaliyokwisha klorini, washa chujio na pampu ya hewa visizimwe tena, kisha kila siku tia chembe za chakula kana kwamba samaki wawili watatu wamo. Chembe zitaoza na kutoa amonia. Katika wiki ya kwanza au ya pili amonia hupanda. Kisha huanza kushuka na nitriti ikapanda mahali pake, na kipindi hiki cha nitriti ndicho kirefu na ndicho kinachowachosha watu. Baadaye nitriti nayo hushuka, nitrati ikaonekana. Tangi limekomaa siku utakapotia chakula kama kawaida na kesho yake ukakuta amonia na nitriti zote ni sufuri. Hapo badilisha nusu ya maji ili kupunguza nitrati iliyorundikana, ndipo uwalete samaki, wachache kwanza, kwa maana bakteria uliowakuza wanatosha chakula ulichokuwa ukitia na si zaidi.

Vipimo vya matone na vya karatasi huuzwa katika maduka ya samaki jijini Nairobi. Asiyeweza kuvipata ajue kwamba karatasi za kupimia mkojo, ambazo kemisti wengi wanazo, zina kipande kinachobadilika rangi panapokuwa na nitriti. Hakisomi kiasi kwa usahihi, wala kikibaki cheupe hakimaanishi kwamba pako salama kabisa, lakini kikigeuka waridi umepata onyo la kweli.

Ipo njia ya kufupisha, na ni nzuri: kipande cha sponji kutoka chujio la mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima. Kisafirishwe kikiwa kimelowa maji ya tangi hilo, katika chombo chenye hewa nyingi, kivulini, na kitiwe katika chujio lako siku hiyohiyo. Jirani akikupa kipande hicho amekupunguzia wiki kadhaa. Ningependa kuona wafugaji wa Garissa wakipeana sponji jinsi wanavyopeana mbegu.

Tangi likikomaa, kazi inayobaki ni nitrati, na hapa hesabu inaeleza kila kitu. Chukua tangi ambalo nitrati yake hupanda kwa miligramu 10 kwa lita kila wiki. Ukibadilisha sehemu moja ya kumi ya maji kwa wiki, nitrati itaendelea kupanda hadi ikaribie 100 ndipo itulie. Ukibadilisha robo, itatulia kwenye 40. Ukibadilisha nusu, 20. Robo kwa wiki ni mahali pazuri kwa tangi lenye samaki wachache. Hakuna faida inayolingana na hatari ya kumwaga lote, kwa sababu samaki aliyezoea maji fulani akiangushwa ghafla katika maji yenye joto, chumvi na pH tofauti hushtuka na pengine hufa. Jifunze pia kuchota wakati mwafaka. Maji ya tangi jeusi la plastiki juu ya paa huwa moto sana alasiri. Yachote baada ya swala ya alfajiri, yangali baridi, yaweke kando ya tangi la samaki hadi joto lao lifanane, kisha uyamimine taratibu. Kinyesi cha chini kivute kwa mpira mwembamba. Sponji ya chujio ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini, kamwe isioshwe bombani.

Robo ya tangi la lita 60 ni lita 15. Namba hiyo haipiti hivihivi katika ukanda huu. Lita 15 ndicho kiwango cha chini ambacho miongozo ya Sphere ya misaada ya kibinadamu inataka kila mtu apate kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi. Je, ni halali kumpa samaki kwa wiki maji ya mtu ya siku nzima, na Dadaab ipo hapo tangu 1991? Nimelifikiria swali hili kwa uzito, na jibu langu ni kwamba ni halali kwa sharti moja: yale yanayotoka yasimwagwe. Maji ya tangi lililokomaa yana nitrati, na nitrati ni mbolea ileile ambayo mkulima huinunua kwa gunia. Sukuma, mchicha, nyanya na miche ya mwarobaini huyapokea kwa furaha. Nyumba yenye bustani ndogo ya jikoni ingemwagilia lita hizo 15 kwa vyovyote. Sasa zinapitia kwa samaki kwanza na kufika bustanini zikiwa na chakula. Anayetumia maji ya chumvi ya kisima, au aliyetia chumvi kutibu nitriti, ndiye wa kujihadhari, kwa sababu chumvi ikirundikana udongoni huua mboga.

Kosa la aina yake kwa hali ya hewa yetu ni kujazia tu. Garissa hupata mvua ya milimita 300 na kitu kwa mwaka, huku jua na upepo vikiwa na uwezo wa kukausha maji zaidi ya milimita 2,000. Tangi lisilofunikwa hushuka kila siku, na mwenyewe hulijaza akidhani amebadilisha maji. Kinachopanda hewani ni maji matupu. Chumvi na nitrati hubaki, na kila mtungi mpya wa kisima huongeza nyingine. Baada ya miezi kadhaa samaki wanaishi katika maji mazito ambayo hakuna aliyekusudia kuyatengeneza. Funika tangi kwa kioo ukiacha mwanya wa hewa, toa kabla ya kutia, na uliweke mbali na dirisha la magharibi.

Kuhusu samaki wa kuchagua, nitakuwa mkali kidogo. Samaki wa dhahabu hauzwi kwa ajili yetu. Ni samaki wa maji baridi, mwenye kula sana na kuchafua sana, na nyuzi 30 humtesa. Gapi na moli, samaki wadogo wanaozaa watoto hai, hupenda maji magumu yenye ubesi, na moli huvumilia hata chumvi. Hao wawili wanatosha kumwanzisha mtu. Wasimwagwe mtoni wala kwenye silanga wakizidi; Tana ina samaki wake.

Na samaki wa ukanda huu ni wa ajabu kuliko wote wa dukani. Katika madimbwi ya msimu ya kaskazini na mashariki mwa Kenya huishi samaki wa jenasi ya Nothobranchius, wenye urefu wa kidole, madume yakiwa na rangi zinazoshindana na khanga. Mmoja, Nothobranchius bojiensis, alielezwa kisayansi mwaka 1992 na kupewa jina la Boji, katika bonde la Ewaso Ng'iro. Mwingine, Nothobranchius microlepis wa Somalia na Kenya, anajulikana kwa wanasayansi tangu 1897. Mvua ikinyesha mayai huanguliwa katika tope, samaki hukua kwa wiki chache, hutaga, na dimbwi likikauka wote hufa. Mayai hubaki katika udongo mweusi yakisubiri mvua nyingine. Ndugu yao wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, huweza kukomaa kwa siku 14 tu tangu kuanguliwa, na maisha yake mafupi yamemfanya awe mnyama wa maabara ya watafiti wa uzee. Wapenzi wa samaki wa Ulaya na Marekani hutumiana mayai ya samaki hawa kwa posta ndani ya mboji yenye unyevu. Natamani shule za Garissa na Garba Tula ziwafahamu kabla wanafunzi hawajawaona katika kitabu cha Mzungu. Anayetaka kuwafuga aulize kwanza ofisi ya uvuvi ya kaunti kuhusu kibali, asikaushe dimbwi kwa ajili ya tangi, na awe tayari kubadilisha maji mara nyingi, maana samaki anayekua kwa kasi hivyo hula sana na amonia yake ni nyingi.

Kunabaki siku mbaya, na kwetu ziko. Mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024 Tana ilifurika, barabara ikakatika kati ya Madogo na Garissa. Mto ukijaa tope, bomba huweza kukauka au kuleta maji yenye klorini kali. Stima nayo hupotea. Katika siku hizo acha kulisha. Samaki mzima wa tangi hukaa wiki moja bila chakula, na bila chakula amonia hupungua sana. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ya sola ni ya thamani kuliko taa za mapambo. Usipokuwa nayo, chota maji ya tangi kwa kikombe na uyamimine kutoka juu, mara kwa mara, ili yabebe hewa. Chujio lililofungwa likizima kwa saa kadhaa bakteria hukosa oksijeni na kuanza kufa, kwa hiyo itoe sponji na uiache ielee ndani ya tangi. Stima ikirudi, ikamue sponji katika ndoo ya maji ya tangi kabla ya kuirudisha, pima nitriti kwa siku tatu mfululizo, na usirudishe kipimo chote cha chakula hadi isomeke sufuri.